Istikhara Uliyonifanyia, Dadima

Dadima,

Sauti iliyobaki masikioni mwangu si yako. Ni ya shanga za udongo zikigongana ndani ya kiganja chako, tak, tak, tak, kisha kimya. Mlio mkavu, mdogo, kama wa mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Nimeusikia tangu nikilazwa mkekani pako nikiwa mchanga, na nadhani nilijua maana ya kile kimya kabla sijajua jina langu. Kimya kilimaanisha kwamba Mungu amekwisha kujibu.

Leo nauchukia mlio huo. Naanza na hilo nisije nikaandika kurasa nzima nikijifanya mjukuu mwema anayekukumbuka kwa machozi. Machozi nilikwisha kulia. Sasa nina hasira, na nimeikalia miezi mingi, nikila nayo, nikiamkiana na watu nayo, nikisimama nayo kwenye mswala. Wako watakaosema marehemu hasemwi vibaya. Lakini wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mwenye neno humwambia mtu usoni. Uso wako haupo tena, basi nakuandikia, na atakayesoma asome.

Wasiokujua niwaambie. Wewe ni mama wa baba yangu. Mama yangu alifariki siku aliyonizaa, nawe ukanichukua ukanilea katika vyumba vya juu vya nyumba yetu ya Mji wa Kale, huku Baba akishinda dukani kwake akiuza kanga. Nyumbani tulikuita Dadima, kama Wahindi wenzetu wanavyowaita bibi zao, na mtaa mzima ukalichukua jina hilo, Waswahili wa Kibokoni kwa Waarabu kwa Wahindi wa kila msikiti. Baada ya alasiri wanawake walipanda ngazi zetu, wakavua viatu mlangoni na kuteremsha buibui mabegani.

"Masalkheri, Dadima."

"Masalkheri, mwanangu. Watu wote nyumbani?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Na mguu wa mamako?"

"Mguu ule ule. Mdomo ndio haujambo."

Mlicheka, mkanywa kahawa, mkazunguka mtaa mzima kwa maneno, ndipo jambo lenyewe likatoka. Mmoja anataka kuuza nyumba. Mwingine mtoto wake ameambiwa apasuliwe hospitali. Mwingine ameposwa na hajui ajibu nini. Ndipo ulipoitwaa tasbihi kumwuliza Mungu, ukasoma salawati, ukafumba macho, ukashika shanga popote mkono ulipoangukia, ukahesabu mbili mbili. Ikibaki moja, istikhara imetoka njema, jambo na lifanywe. Zikibaki mbili, imekataa. Hukulipwa hata kipande cha halwa. Lakini sikumwona hata mmoja aliyeshuka ngazi zile akafanya kinyume cha ulivyomwambia. Wanaume walikuwa na mahakama tele katika mji wetu. Wanawake walikuwa na wewe.

Nakumbuka siku ya Zubeda. Nilikuwa na umri wa kuanza kufunga, naye alikuwa mkubwa wangu kidogo, binti wa jirani wa nyumba ya nyuma. Babake alitaka kumwoza mgane mmoja wa Lamu ambaye ndevu zake zilikuwa nyeupe mpaka kitovuni. Babake hakuja mwenyewe. Alimtuma mkewe aje kuuliza, na mkewe akaja na Zubeda nyuma yake, macho chini, akiuma ncha ya mtandio. Ulivuta shanga za istikhara. Tak, tak, tak. Ukafumbua macho.

"Imekataa," ulisema.

"Imekataa vipi, Dadima? Mahari keshatuonyesha!"

"Mimi sikuulizwa mahari. Imekataa, nenda kamwambie mumeo. Na akitaka kushindana, ashindane na aliyejibu, mimi mzee tu niliyeshika shanga."

Posa ikavunjika. Zubeda akaubusu mkono wako. Nilidhani nimeona rehema ya Mungu ikishuka kwa macho yangu katika chumba chetu, kati ya birika la kahawa na mto wako wa kuegemea.

Nakumbuka pia jinsi ulivyomtungia Baba majina ya kanga. Hukujua kusoma, lakini wafanyabiashara wenye shule walikuja kungoja utakalosema. Kulitoka kanga moja kabla ya vita, nyekundu yenye pindo jeusi, uliyoipa maneno "Hujanisikia, usinihukumu". Iliisha dukani kabla Baba hajalifungua robota la pili. Nilikuwa nikikusomea maneno hayo kwa kidole pindoni, nawe ukitikisa kichwa kwa furaha ya mtu anayesikia mwanawe akisifiwa. Hujanisikia, usinihukumu. Yalikuwa maneno yako. Nayakumbusha kwa makusudi.

Nilipomaliza shule ulinivutia istikhara ya Bombay, ikatoka njema. Nikaenda, nikakaa kwa nduguyo, nikasoma sheria pamoja na wavulana walionipisha kiti cha mbele ili wapate kunicheka kwa nyuma. Nilirudi na shahada, na Baba akaitundika dukani juu ya marobota, ikawa mtu akija kununua doti moja ya kanga husomeshwa kwanza. "Binti yangu huyo," alisema, hata kwa mabaharia wasiojua Kiswahili.

Lakini shahada ile peke yake ilinifanya nusu ya kitu. Kule Mombasa ilitosha kuninakilisha hati katika ofisi ya wakili rafiki wa Baba, mwanamume mpole aliyenipa meza iliyotazama ukuta. Kila siku niliandika kwa taipureta habari za wanawake ambao kaka zao walikalia nyumba za baba zao, au wakfu waliowekewa ukasimamiwa na ami zao mpaka ukayeyuka. Niliandika kesi zao nikijua zinakwendaje. Sikuweza kusimama popote kusema neno. Kwa hiyo nilitaka shahada ya pili, na nilijua ya nini: mirathi.

Unaikumbuka siku ya choroko? Mimi siwezi kuisahau, na leo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Tulikuwa sakafuni tunachagua choroko kwenye ungo, na nikazigawa mafungu matatu mbele yako.

"Hili fungu la kwanza ni Bombay," nilikwambia. "Walimu nawajua, mji naujua, pa kulala pako."

"Bombay watu wachinjana sasa," ulisema. Ulikuwa mwaka India ilipogawanywa, na kila barua ya nduguyo ilikuja na jina la mtu aliyehama au aliyekufa. "Ondoa."

"La pili ni London. Nitasoma shahada ya pili, na huku nikiingia katika chama cha mawakili wao, nikirudi niweze kusimama mahakamani bila kuulizwa nimetokea wapi."

"London mvua. Na hilo la tatu?"

"La tatu ni London hiyo hiyo, lakini chuo cha huko humpeleka mwanafunzi Cairo kwa muhula mmoja, akasome mirathi na wakfu katika vitabu vyenyewe vya Kiarabu."

"Cairo utapikiwa na nani?"

"Nitajipikia."

"Wewe!" Ulicheka mpaka ungo ukatikisika. "Wewe uliyeunguza chai!"

Kisha ukaacha kucheka. Ukaniuliza maswali ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza kwa makini yale. Je, wanawake husoma chumba kimoja na wanaume? Ukiumwa, nani atajua? Elimu ya Cairo itakubaliwa huku, au watasema umeleta dini ya kigeni? Nilikujibu moja moja. Mwishowe ukaniuliza, "Na ukirudi, mwanamke wa hapa akinyang'anywa nyumba na kakake, utaweza kumsimamia?"

"Ndiyo, Dadima."

"Mbele ya Kadhi?"

"Mbele ya yeyote watakayeniruhusu kusimama mbele yake."

Ukachukua choroko moja kutoka fungu la Bombay ukaitia katika fungu la Cairo. Nilitaka kukukumbatia. Nilidhani nimesikilizwa.

Kisha ukajipangusa mikono, ukasema, "Tuulize kwanza."

Ulivuta jioni ile baada ya magharibi. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa barazani. Tak, tak, tak. Kimya.

"Imekataa, dikri," ulisema. Dikri, binti, kwa lugha ya nyumbani. Uliniitia jina la mapenzi ukinifungia mlango.

"Labda London ya kwanza ndiyo iliyokataliwa," nilisema. "Vuta kwa ile ya Cairo."

"Nia yangu ilikuwa zote."

"Basi vuta tena, Dadima. Mara moja tu."

"Mungu haulizwi mara mbili kama mwenye duka," ulinijibu, na Baba akavaa kofia yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeondolewa mzigo. "Tumwachie Mola, dikri," alisema. "Pengine anakuepusha na jambo."

Nami nikamwachia Mola. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sikukutii wewe. Nimekubishia maisha yangu yote, juu ya nywele zangu, juu ya baiskeli, juu ya magazeti niliyosoma wakati wa kula. Ungeniambia "usiende" ningebishana nawe mwaka mzima, na kila mtu Mji wa Kale analijua hilo. Nilinyamaza kwa sababu uliniambia aliyekataa ni Mungu. Nikawaandikia London kwamba nafasi yangu wampe mwingine. Niliiandika barua hiyo kwenye meza inayotazama ukuta.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwema kwako. Hilo nalo nalisema, liko wazi. Nilikushika mkono ngazini. Nilikupeleka kwa daktari, nikakusomea magazeti ya Kigujarati tangu jina la mhariri hadi tangazo la mafuta ya nywele. Ulinichana nywele ukasema, "Umekuwa mpole siku hizi." Sikuwa mpole, Dadima. Nilikuwa nimezima. Usiku wa kuamkia Ijumaa ulipokuwa ukiniombea dua mbele yangu, mume mwema, afya, kheri, nilisema amina kwa kila moja nikijiuliza nina dosari gani ambayo Mungu ameiona, hata akawafungulia njia wavulana wa darasa langu, waliokuwa wakinakili majibu yangu, akanifungia mimi. Ndivyo nilivyofikiri mwaka mzima. Nilidhani Mungu hanitaki. Je, ulijua kwamba kitu hicho kinaweza kuingia moyoni mwa mtu? Ulijua, maana ulinilea wewe.

Kisha ukafa, kwa utulivu, kitandani mwako, kichwa kwenye paja langu. Mimi ndiye niliyekufumba macho.

Ilipofika arobaini yako, wageni walipokwisha kutawanyika, tulibaki mimi na Shangazi Khatija, bintiyo, tukikunja nguo zako za kugawa. Unamjua, hawezi kunyamaza akiwa na kazi mkononi. Alikuwa akisimulia mambo yako na kucheka huku akijifuta machozi.

"Mama alikuwa na akili, wallahi. Mji mzima aliushika kwa tasbihi moja. Na hakuwa akihesabu!"

"Hakuwa akihesabu nini, Shangazi?"

"Shanga, mwanangu. Ungemtazama mdomo wake siku moja! Salawati zilikuwa kweli, hizo hakuchezea. Lakini kuhesabu? Alikuwa akimtazama mtu tangu avue viatu mpaka amalize kahawa, jibu keshalipata. Yule Zubeda wadhani alikataliwa na shanga? Mama alinambia tangu asubuhi, 'Mzee yule hapati mtoto wa watu madhali mimi ni hai.'"

Alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika shali yako ya baridi, na vidole vyangu vikaacha kukunja.

"Na yangu?"

Shangazi akaikunja upya nguo iliyokwisha kukunjwa.

"Shangazi, na yangu?"

"Yako alilia kwanza," alisema. "Siku ile ile, baada ya zile choroko zenu. Alikuja jikoni kwangu akaniambia, 'Msichana huyu ana haki kwa kila neno alilosema. Lakini akienda, nani atanifumba macho?'"

Basi. Ndiyo sababu yote. Hakukuwa na mvua ya London, wala mpishi wa Cairo. Haikuwa dini, wala heshima ya ukoo, wala mume. Ulitaka mikono yangu juu ya kope zako, ukaipata.

Shangazi aliniomba nisikasirike. "Alikupenda," alisema, "alikupenda kupita sisi tuliotoka tumboni mwake." Najua. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya. Mtu aliyekuchukia hawezi kukufanyia jambo kama hili, hana pa kupitia.

Nasikia utakavyojitetea, maana nakujua, na ungesimama mahakamani ungetushinda sote. Ungesema, "Na Zubeda je? Ulifurahi siku ile. Ningemwambia babake kwa kinywa changu, angenisikia? Wanaume wa mji huu wanamsikiliza bibi asiyejua kusoma? Nilitumia lugha wanayoiogopa." Kweli. Nimeifikiria hoja hiyo nikitembea kwa miguu mpaka Feri na kurudi, na sina jibu la kuivunja. Zubeda ana mume aliyempenda mwenyewe na watoto wanaokimbia uchochoroni, na huenda asingekuwa nao bila uwongo wako. Hata ule uwongo, sijui kama Mungu atakuhesabia dhambi au thawabu. Hilo silijui, na si kazi yangu.

Lakini liko jambo moja nililosomeshwa na ninalolijua. Hakimu haamui kesi yake mwenyewe. Kabla ya kifungu chochote cha sheria, hilo huja kwanza, na wala halikutoka kwa Waingereza. Mtoto wa mtaani analijua, ndiyo maana anayecheza hawi mwamuzi. Katika kesi ya Zubeda hukuwa na la kupata. Katika yangu ulikuwa mdai, ukawa shahidi, ukakaa kwenye kiti cha hakimu, kisha ukatia muhuri wa Mungu juu ya hukumu ili nisiweze kukata rufaa. Nani angenipokelea rufaa hiyo, Dadima? Ningemshtaki nani kwa nani?

Na la pili, hili ni dogo lakini ndilo linaloniamsha alfajiri. Ungeniambia. Ungesema tu, sakafuni pale, kati ya mafungu ya choroko: "Dikri, mimi ni mzee na naogopa kufa bila wewe. Ngoja kidogo." Unadhani ningekujibu nini? Nadhani ningengoja. Ningelia, ningegonga milango siku mbili, kisha ningengoja, na mwaka ule ungekuwa zawadi yangu kwako, niliyokupa kwa mkono wangu nikijua. Nisingesoma magazeti yale kama mfungwa anayesomea mlinzi wake. Uliiba kitu ambacho ningekupa. Hukunipa hata nafasi ya kuwa mjukuu mwema.

Siku chache baada ya arobaini alikuja Bi Mwanaisha wa Kibokoni. Unamkumbuka, yule ambaye kakake anaikalia nyumba ya baba yao. Alivua viatu, akatoa pole, akanywa kahawa, akamaliza mtaa mzima, ndipo akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiwe ulorithi mkono wa bibiyo. Ndugu yangu ataka kuiuza nyumba. Nivutie, nende kwa Kadhi ama ninyamaze?"

Dadima, nilikuelewa. Hapo ndipo nilipokuelewa, na kukuelewa hakukunipoza hata kidogo. Nilijua kesi yake kuliko yeye. Ana haki, na fungu lake katika mirathi halina shaka. Nilikuwa na haja ya kusema neno moja tu, "imetoka njema," na mama huyu mwoga angesimama mbele ya Kadhi kama simba. Mkono wangu ulikuwa mtupu na tayari nilikuwa nahisi utamu wake. Kumwokoa mtu bila kumwuliza! Kuwa na haki na kutobishiwa!

"Bi Mwanaisha," nilisema, "mimi sivuti. Lakini sheria naijua. Nenda kwa Kadhi, fungu lako lipo. Hivyo ndivyo nionavyo mimi, na naweza kukosea."

Akakiweka kikombe cha kahawa chini.

"Kama waweza kukosea," alisema, "kwani mimi nimepanda ngazi zote hizi kuja kufanya nini?"

Akavaa viatu vyake. Nilimfuata mpaka mlangoni nikimweleza habari za mashahidi na hati, naye ananipungia mkono bila kugeuka, kama mtu afukuzaye nzi. Sijui kama alikwenda kwa Kadhi. Ningependa kusema alikwenda akashinda. Sijui. Mpaka naondoka nyumba ilikuwa haijauzwa, na yeye alikuwa haniamkii.

Kisa hicho kilinisaidia kuamua. Niliona kwamba nikibaki nitakuwa mojawapo ya mawili: mwanamke wa meza inayotazama ukuta, au wewe. Mji ungenifanya wewe, taratibu, kwa mapenzi, kwa kahawa na halwa, na ningekuwa hodari wa kazi hiyo. Hilo liliniogopesha kuliko London na mvua yake.

Nikaswali rakaa mbili mwenyewe, kama tulivyofunzwa sote utotoni kabla hujatuingilia kati. Sikuomba ndoto wala dalili. Niliomba nisimame sawasawa, basi. Kisha nikawaandikia London upya. Walijibu kwamba nafasi ipo, lakini habari ya Cairo itaangaliwa baada ya mtihani wa mwaka wa kwanza, hawaahidi. Bombay nao walikuwa radhi, na Bombay sasa kumetulia kiasi. Nikakaa na majibu yote mawili, nikapima kama mtu mzima anavyopima: walimu gani, kwa lugha gani, nikirudi mlango upi utafunguka na upi utabaki umefungwa. Hakuna aliyenivutia. Nikachagua London bila ahadi ya Cairo, nikatuma telegramu, kisha ndipo nikamwendea Baba dukani.

Alikuwa akipanga kanga mpya. Nilimwambia yote, na habari ya shanga pia. Hakuuliza nimeipata wapi. Alikaa juu ya robota. Nadhani alikuwa akijihesabia mambo yake mwenyewe, yote aliyokwisha kuyafanya na kuyaacha kwa kile kimya chako.

"Na hii safari yako," aliniuliza mwishowe, "nani amekuvutia?"

"Hakuna, Baba."

Akaitwaa kanga moja, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Utahitaji koti," alisema.

Alinishonea makoti mawili, mazito, yenye mifuko ya ndani, na moja halinikai mabegani, lakini nililivaa siku niliyoondoka, jasho likinitiririka, ili alione.

Nakuandikia kutoka Aden, Dadima. Tulitia nanga jana, na abiria wengi wameshuka kutembea mjini. Mimi nimebaki chumbani melini na dirisha wazi, na taipureta ya ofisi ambayo yule wakili mpole alinipa siku ya kuagana, bila kusema kwamba ananipa. Safari ya kwenda bandarini Kilindini ilipita karibu na makaburi yetu. Dereva alipunguza mwendo, maana Baba alimgusa bega, nao wote wawili wakanigeukia. Nikawaambia twende.

Sikukuaga, na najua ni aibu, na jamaa wote watajua. Bado nakuombea kila baada ya swala, kwa jina lako kamili na jina la mamako, kama inavyopasa, kwa sababu dua ni yako na hasira ni yangu, na nimejifunza kutozichanganya. Sijakusamehe. Sikwambii nimekusamehe ili barua ipate kuisha vizuri.

Nilikuwa na karatasi za chuo hapa mbele yangu. Pale walipotaka jina la aliyenilea nimeandika lako. Pale walipotaka somo nimeandika mirathi ya wanawake wa Kiislamu wa pwani, na nimekwisha kuzitia sahihi, na mhudumu wa meli amekwisha kuzichukua, ziende na ndege ya barua leo jioni, zinitangulie.

Pumzika.

Mjukuu wako, uliyemlea kwa mkono wako